Kazi ya Pili ya Mwalimu wa Drama

Mwalimu wetu wa drama pale Gatina alikuwa na kazi mbili, na ile ya pili ndiyo iliyotufunza. Ya kwanza ilikuwa kufundisha Kiswahili katika shule ya mabati iliyobanwa katikati ya ploti za kupangisha, kwa mshahara uliokuja siku ulipojisikia. Ya pili ilikuwa uigizaji. Jumamosi alivuka mji kwenda kuigiza tamthilia teule mbele ya wanafunzi wa sekondari waliosombwa kwa mabasi, na Jumatatu akarudi kwetu sauti imekauka, ana mambo ya kutusimulia.

Mkurugenzi wa shule hakuipenda kazi hiyo. Baadhi ya wazazi nao hawakuipenda. Mwalimu gani, walisema, anajipaka poda usoni na kulia machozi ya uongo mbele za watu? Siku hizi mimi ndiye ninayeitwa kukaa kwenye meza ya waamuzi wa tamasha za shule, na mara nyingine kwenye kamati zinazoajiri walimu. Maneno yale bado nayasikia, ila sasa yamevaa suti: huyu ana shughuli nyingi za nje, hatatulia.

Kwa asiyeijua Gatina, ni wadi mojawapo ya Dagoretti Kaskazini, upande wa Kawangware. Ukishuka matatu ya 46 ukaingia ndani, mkono mmoja una mabati na vibanda, na mwendo mfupi tu kutoka hapo unaanza ua wa Lavington, nyasi zimekatwa na mbwa wanabweka kwa adabu. Kimya hakipatikani Gatina. Kuna wachomeleaji wa vyuma, kuna maspika ya makanisa, kuna makondakta wanaoita abiria, na siku za matanga na michango kuna isukuti. Shule yetu haikuwa na ukumbi. Tulifanyia mazoezi katika chumba cha kanisa lililokuwa likisali Jumapili tu, na kelele zote hizo ziliingia humo bila hodi.

Mwalimu aliigeuza kelele kuwa somo. Alimtuma mtoto mmoja asimame langoni, hatua chache kutoka kwa mama mboga, kisha akamwambia aliyebaki ndani aseme mistari yake. Mama mboga akigeuka kutazama, umepiga kelele. Asipogeuka, na yule wa langoni akayasikia maneno yako yote, hapo umesema. Tulichukua muda kuelewa. Kila mmoja wetu alimgeuza yule mama, mpaka akazoea, akawa anatupigia makofi mtu anapofaulu. Katika daftari zetu mwalimu aliweka alama za pumzi kwa biro nyekundu, mkwaju mmoja kwa pumzi fupi, miwili kwa ndefu. Hayo hakuyapata katika chuo cha ualimu. Aliyapata kwenye jukwaa lililomnyima maikrofoni.

Lakini somo ninalolikumbuka kuliko yote ni la birika. Jumatatu moja alitueleza yaliyomkuta wikendi. Alikuwa na mstari wa kuchekesha, na ukumbi ulilipuka kwa kicheko kabla hajaumaliza. Yeye akaendelea kusema juu ya kicheko, na nusu ya pili ya mstari, iliyobeba habari ya mchezo mzima, ikamezwa. Watazamaji walikaa hadi mwisho hawajui ni kwa nini mhusika wake anatafutwa. Alitusimulia bila kujificha, kisha wiki hiyo hatukufanya kitu kingine. Alimsimamisha mwenzetu mbele, akampa kikombe cha plastiki na birika tupu. Sema mstari wako, alimwagiza. Wakicheka, mimina chai. Usiwatazame. Mimina polepole, huku masikio yako yako kwenye kicheko. Kikianza kushuka, kabla hakijafa kabisa, endelea. Sisi tulioketi tuliamriwa kucheka, na tulicheka kwa ufisadi, tukikirefusha makusudi ili mwenzetu aishiwe na chai isiyokuwepo. Mwishowe naye alitushinda: alimaliza kumimina, akaonja, akakunja uso kana kwamba sukari haikutosha, na sasa kicheko chetu kikawa cha kweli.

Nimesoma miongozo ya walimu mingi tangu wakati huo. Hakuna hata mmoja wenye habari ya birika. Haiwezi kuwamo, kwa sababu aliyeandika mwongozo hakuwa amemezwa mstari Jumamosi ile.

Tulikuwa na mwalimu mwingine ambaye shule haikumwita mwalimu. Tulipotaka kuingiza ngoma ya ubunifu mashindanoni, tulikosa mpigaji, ndipo mtu mmoja wa mtaani, aliyekuwa akipiga isukuti kwenye matanga, akaja. Kawangware ina Waluhya wengi, na ngoma hizo tulizijua kwa masikio, ila hatukujua kwamba huwa tatu, baba, mama na mtoto, na kwamba anayeshika ndogo ana kazi ngumu kuliko sisi tulivyodhani. Hakuwa na cheti. Wasifu wake wa kazi ulikuwa mazishi, harusi na michango ya kusafirisha maiti kwenda Kakamega. Alipokuja alikataa kutufundisha hatua hata moja kabla hatujaweza kuimba tukiwa tumekaa. Mwaka wa 2014 UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Niliposoma habari hiyo nilimfikiria yeye, aliyelipwa nauli na sahani ya wali.

Basi ikaja barua. Mashindano ya wilaya yalikuwa yamekaribia, na mwalimu aliomba Ijumaa moja apate kusafiri na kikundi chake kwenda kuigiza nje ya Nairobi. Alinyimwa. Akaenda. Jumatatu akakuta barua ya kujieleza. Haki itendeke kwa upande wa pili: siku ile darasa lake lilikaa bila mtu, na mwalimu wa hisabati akalazimika kugawanyika mara mbili. Shule ya mabati haina mwalimu wa akiba. Hata hivyo, kombe tulilolipata baadaye katika mashindano hayohayo liliwekwa ofisini kwa mkurugenzi, likaonyeshwa kila mzazi aliyekuja kuandikisha mtoto. Januari 2003 elimu ya msingi ilipofanywa bure, watoto wengi wakahamia shule za serikali, madarasa yetu yakabaki na mapengo, na walimu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Yeye alikuwa wa kwanza. Kombe lilibaki.

Nilipokua nikaanza kusoma habari za wenzake wakubwa, niligundua kwamba kisa chetu hakikuwa cha Gatina peke yake. Chukua wimbo wa taifa. Tuliuimba kwenye gwaride Jumatatu na Ijumaa, tumesimama wima kwenye vumbi. Mwaka 1963 ulipewa watu watano waushughulikie: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Waliuchukua muziki wake kutoka wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto. Hyslop alikuwa afisa wa muziki na drama, naye mwaka 1957 alikuwa amechapisha tamthilia za Kiswahili, *Afadhali Mchawi* na *Mgeni Karibu*. Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda, alikuwa mwalimu wa muziki na baadaye, mwaka 1986, akatoa kitabu chake cha muziki wa kiasili wa Kenya. Omondi alikuja kuongoza idara ya muziki katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, na tume ya rais kuhusu muziki ya miaka ya 1980 iliitwa kwa jina lake. Kazi ya watu hawa inaimbwa na mamilioni kila wiki. Uliza shule yoyote Nairobi leo majina yao. Mimi mwenyewe nimeuliza, mbele ya walimu wa muziki, nikapata moja.

Au chukua mwaka 1977, Lagos, tamasha kubwa la sanaa za watu weusi lililoitwa FESTAC. Kenya ilipeleka tamthilia mbili. Moja ilikuwa *Betrayal in the City* ya Francis Imbuga. Ya pili ilikuwa *The Trial of Dedan Kimathi*, ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo. Waandishi watatu, wote walimu wa chuo kikuu. Miaka hiyohiyo Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na kikundi cha maonyesho ya kusafiri, na John Ruganda, Mganda aliyekuwa mwandishi wa tamthilia, akawa miongoni mwa waliokisimamia. Wanafunzi walipanda lori wakaenda kuigiza bure mashuleni na viwanjani. Ninapowauliza waliosoma enzi hizo walijifunza nini darasani, wanakunja uso. Ninapowauliza kuhusu lori, hawanyamazi.

Na bei yake walilipa. Mwaka huo wa 1977 Ngũgĩ alikuwa ametoka kwenye ukumbi wa mihadhara akaenda Kamirithu, Limuru, kufanya mchezo wa Kikuyu na wakulima na wafanyakazi. Serikali ikaufutia kibali mwezi Novemba. Tarehe 31 Desemba akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Alipoachiliwa mwaka uliofuata, kazi yake ya chuo hakurudishiwa. Micere Mugo, mwanamke wa kwanza kuwa mkuu wa kitivo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliikimbia nchi mwaka 1982. Barua ya kujieleza ya mwalimu wangu ni mchezo wa watoto ukiiweka kando ya hayo, lakini zote zinatoka kwenye hofu ileile kwamba mwalimu wa sanaa akifanya sanaa yenyewe atakuwa hashikiki.

Hofu hiyo haijafa. Mwaka 2013 tamthilia *Shackles of Doom* ya Butere Girls ilizuiwa kufika tamasha la kitaifa mpaka Mahakama Kuu ikaamuru iruhusiwe. Mwaka 2025 shule hiyohiyo ilirudi na *Echoes of War*, mwandishi akiwa yuleyule, Cleophas Malala, ambaye kati ya michezo hiyo miwili alishakuwa seneta wa Kakamega. Mahakama iliruhusu tena. Wasichana walifika Nakuru, wakakuta hakuna vyombo vya sauti wala watazamaji, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka jukwaani. Walichagua wimbo ulioandaliwa na watu waliokuwamo walimu wa muziki; sijui kama polisi waliokuwa nje na mabomu ya machozi walilifikiria hilo.

Kuna wakati dunia huwatambua walimu hawa kabla yetu. Ng'ambo ya Ngong Road kutoka kwetu, Kibera, Michael Wamaya alikuwa akifundisha watoto baleti katika darasa la shule, madawati yakisukumwa kando, hakuna kioo cha ukutani wala upau wa kushikilia. Picha za watoto hao zilizunguka dunia. Mwaka 2017 akawa mmoja wa kumi bora katika Tuzo ya Mwalimu wa Dunia, ile ya dola milioni moja, iliyochukuliwa na Maggie MacDonnell wa Kanada. Miaka miwili baadaye Peter Tabichi wa Njoro aliishinda, na nchi nzima ikashangilia, kwa haki kabisa. Tabichi ni mwalimu wa sayansi. Wamaya, ambaye alikuwa mcheza dansi kabla ya kuwa mwalimu wa dansi, alitajwa magazetini siku mbili tatu, kisha tukaendelea na mambo yetu. Sidhani tulimchukia. Nadhani hatukujua tumhesabie wapi: kwa walimu au kwa wasanii.

Nilipokwenda Bagamoyo niliona watu waliomaliza swali hilo kitambo. Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981 na sasa kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyeipeleka ilimba na zeze kwenye majukwaa ya Ulaya na kurekodi katika studio ya Peter Gabriel, makao yake yalikuwa hapo Bagamoyo, na vijana walimkuta hapo. Jioni moja ya tamasha nilimwona mwalimu wa ngoma akicheza mbele ya wanafunzi wake, mama wa makamo, kanga kiunoni. Wanafunzi walikuwa wamekaa chini, safu ya mbele, na hawakuwa wakishangilia tu. Mmoja alikuwa akigusa goti la mwenzake kila mama yule alipobadilisha mguu, wakihesabu. Kesho yake, nadhani, hawakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilianza hivyo. Ebrahim Hussein alitoa *Kinjeketile* mwaka 1969. Penina Muhando, ambaye baadaye tulimjua kama Profesa Mlama, alifundisha huku akiandika tamthilia kwa Kiswahili na kuzunguka vijijini na sanaa za maonyesho kwa ajili ya maendeleo. Amandina Lihamba aliandika, akaongoza, akafundisha, na bado akaigiza katika filamu ya *Maangamizi*. Huko mtu hakuulizwa kama ana shughuli za nje. Shughuli za nje ndizo zilizokuwa sifa ya kuingia ndani.

Sasa niseme upande ambao sisi wapenzi wa sanaa hatupendi kuusema. Msanii mzuri si lazima awe mwalimu mzuri. Kwenye meza ya waamuzi nimeona shule zikikodi makocha wenye majina, watu wa televisheni, wanaolipwa donge nono muhula wa kwanza na kutoweka Aprili. Mtoto anapanda jukwaani akiwa nakala ya kocha: mkono unapanda ulipoambiwa upande, sauti inatetemeka palipoandikwa tetemeka. Ukimuuliza mhusika wake anataka nini, hajui. Kocha wa namna hiyo anafanya onyesho lake kupitia mwili wa mtoto. Mwalimu wangu angeweza kufanya hivyo, alikuwa na uwezo kutushinda sote. Lakini alitupa birika tukae nalo hadi tuligundue wenyewe. Kwa hiyo sisemi ajiriwe yeyote aliyewahi kuonekana kwenye runinga. Ninasema yule anayefundisha na bado anafanya, na anayeleta Jumatatu yaliyomshinda Jumamosi pamoja na yaliyomfaulia.

Tena kuna hesabu ya fedha. Mwalimu wa drama huandika mchezo, hutunga nyimbo, hushona mavazi ya mitumba, hubeba seti kwenye mkokoteni hadi barabarani. Mchezo ukishinda, jina linalosomwa ni la shule na la mwalimu mkuu. Wengi hawana hata nakala ya maandishi yao. Yule wangu aliandika michezo mitatu ninayoikumbuka, na ninachojua kuihusu ni mistari iliyonasa kichwani mwangu. Hakuna daftari, hakuna kanda. Angekuwa profesa, hayo yangeitwa machapisho na yangempandisha cheo.

Haya yana haraka sasa kuliko zamani. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, na mojawapo ya njia tatu walizopangiwa ni ya sanaa na michezo, ambamo kuna muziki na dansi, ukumbi wa maonyesho na filamu. Watoto wa Gatina na Kibera wanaoichagua njia hiyo wanahitaji walimu, na shule zinatafuta walimu. Ninaogopa tutawajaza watu wenye vyeti safi ambao hawajawahi kusimama mbele ya watu wasiowajua.

Kwa hiyo wewe uliye kwenye bodi ya shule, unapomhoji anayetaka kufundisha drama au dansi, mwulize mara ya mwisho alipanda jukwaani lini na kitu gani kilimharibikia. Mpigaji ngoma wa mtaani akija, mlipe kama mnavyomlipa fundi wa umeme. Mchezo ukishinda, andikeni jina la aliyeutunga kwenye programu na mhifadhi nakala ya maandishi shuleni, moja yake na moja yenu. Na akiomba Ijumaa moja kwenda kuigiza, mpeni, mpange mapema nani atashika darasa lake.